Ng'ombe wa Figo

Asante ya Fabiano ilikuwa na pembe mbili na kwato nne, na kila siku ilikula matita manne ya majani. Mwenye kuikatia alikuwa dada yake Paskazia, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mkulima wa Butihinda, ambaye miaka mitatu iliyopita alipelekwa Uhindi, akapasuliwa ubavuni, akatolewa figo la kushoto kwa ajili ya kaka yake, akashonwa, akaambiwa: Mama, usibebe mizigo mizito, na kila mwaka upimwe damu, mkojo na presha mpaka siku utakayokufa. Akarudi nyumbani na mshono na karatasi. Mwaka wa kwanza karatasi ilikaa chini ya godoro. Mwaka wa pili aliuliza habari ya vipimo, akaletewa ng'ombe.

Tena si ng'ombe wa hivi hivi. Alikuwa wa kisasa, mweusi kwa mweupe, mwenye mimba, na mdomo usiojua Jumapili. Siku hizi kuchunga nje ni marufuku. Ng'ombe akikutwa kando ya barabara anakamatwa na mwenyewe anapigwa faini. Kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani kama bibi harusi, na binadamu ndiye anayekwenda malishoni.

Asubuhi ile Paskazia alipanda kutoka bondeni na tita la pili kichwani, akalitupa mbele ya banda, akakaa chini, akavua kandambili. Alama za mikanda zilibaki zimezama miguuni. Alibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo.

"Mama Lucia, miguu hiyo si ya kawaida," alisema mumewe, Damiano, aliyekuwa akitengeneza mpini wa jembe kabla ya kwenda kulima shamba la watu.

"Ni miguu ya mtu anayetembea, baba Lucia."

"Hata mimi natembea. Yangu inaingia kwenye viatu."

Wiki iliyopita nesi wa kituo cha afya alimfunga mpira wa presha mkononi, akasoma, akafunga tena, akanyamaza. Nesi akipiga kelele, usijali. Nesi akinyamaza, ogopa. Huyu alinyamaza, kisha akamwambia aende Muyinga mjini apimwe damu na mkojo bila kuchelewa, maana figo lililobaki ni moja na halina wa kumsaidia kazi. Paskazia aliogopa mpaka akasahau kuaga.

Pesa ya vipimo ilikuwapo, ila ilikuwa bado inanyonya. Ng'ombe alikuwa amezaa ndama jike, sasa ana miezi mitano, na mchuuzi mmoja wa mifugo alishamkagua meno na mgongo akataja bei. Bei hiyo ingelipa vipimo, nauli na dawa za miezi kadhaa. Maziwa hayakuwa na faida ya kusimulia. Yaliishia kwenye dawa ya kupe, chumvi na pumba za yule yule aliyeyatoa.

Simu ikalia. Alikuwa Shafii, muuza vitenge wa Magarama, kule Gitega, jirani wa Fabiano na mwenyekiti wa Kamati ya Figo. Kamati hiyo ndiyo iliyochangisha pesa ya Uhindi, na kwa hilo Mungu awalipe, walifanya kazi kubwa. Lakini figo lilishahama zamani, na kamati bado ilikuwapo, na mwenyekiti, makamu, mweka hazina na kundi la simu la watu mia mbili. Nani atavunja kamati yenye viongozi walioshazoea kuitwa viongozi?

"Dada Paskazia, amani? Ngombe iko muzuri?"

"Mzima, Mwenyekiti. Anakula."

"Bon. Na ile ndama, ni muke ao mume?"

"Jike."

"Ah, Alhamdulillahi! Donc tunakuya kuichukua. Juu ile ndama ni ya ule mwenye alitoa ngombe. Ni desturi. Mzee Audax, ule msemaji wetu, alisema pale mbele ya watu, na we ulijibu, hata video iko. Ursula anataka iandikwe kwa jina ya mtoto, Adventina. Tutafanya kasherehe kadogo tu, jumamosi, pale kwa Fabiano. Usichelewe, viti tumeishalipa."

Paskazia alibaki ameshika simu. Adventina alikuwa mtoto wa Fabiano na mkewe Ursula, ana miezi minane, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka kumi na moja ya ndoa. Shangazi mtu alimpenda hata kabla ya kumwona. Lakini ndama huyu alikuwa damu na mkojo wake.

"Wanasemaje?" akauliza Damiano.

"Wanasema tuliazimwa."

*

Alhamisi alikwenda Muyinga mjini, hospitali moja, na kadi yake ya matibabu mkononi. Kadi hiyo inampunguzia mkulima gharama, na Paskazia alikuwa ameitunza ndani ya mfuko wa plastiki isipate unyevu. Alisimama kwenye mstari kwa saa mbili. Kijana wa dirishani aliitazama kadi, akamtazama mwenye kadi.

"Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi. Nilitoa figo. Natakiwa kupimwa."

"Ulitoa figo ukampa nani?"

"Kaka yangu."

"Basi mgonjwa ni kaka yako. Yeye aje na kadi yake."

"Yeye anapimwa kila mwezi. Nazungumzia la kwangu lililobaki."

"Limeharibika?"

"Ndicho nataka kujua."

Kijana alivuta pumzi kama mtu anayefundisha darasa la kwanza. "Mama, kadi hii ni ya wagonjwa. Wewe kwenye maandishi ni mzima. Mzima akitaka kujipima kwa kutaka kwake, analipa mwenyewe, yote. Ukiugua, karibu sana." Akataja bei ya vipimo vyote, akaita, "Anayefuata!"

Watu wa nyuma walikuwa wamesikia yote. Mmoja akacheka, akamwambia mwenzake kwamba dunia imekwisha, watu wazima sasa wanapanga mstari. Paskazia aliirudisha kadi kwenye plastiki yake na aibu ikampanda mpaka masikioni, aibu ya kuonekana mtu anayejidekeza.

Kutoka hapo alimtafuta Mzee Audax. Hakuwa mgumu kupatikana; alikuwa kwenye kabare, baa ya nyuma ya soko, mbele ya brosheti mbili, mishikaki ya mbuzi, na ndizi ya kuchoma, kanzu nyeupe ya shughuli imetundikwa ukutani ndani ya nailoni. Kazi ya Mzee Audax ilikuwa kusema. Harusi, posa, kutoa mahari, kuondoa msiba: unamwita, unamlipa, anasimama na fimbo, maneno yanamtoka kwa mpangilio mpaka watu wanalia bila kujua wanalilia nini.

"Amashyo, mama!" akamsalimu kwa salamu ya wafugaji, ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe.

"Sina makundi, mzee, nina ng'ombe mmoja, na ndiye amenileta. Wewe ulisema nini siku ile ninapewa?"

Audax akafuta vidole. "Nilisema vizuri sana. Watu walipiga makofi mara saba."

"Ulisema ndama arudi?"

"Nilisema maneno ya kugabira. Mtu akikugabira, yaani akikupa ng'ombe, unakuwa mtu wake. Huyo ng'ombe hauzwi, ni tusi. Na mzao jike wa kwanza humrudia aliyetoa. Nawe ukajibu, 'Nimepokea, mimi ni mtu wako.' Ulijibu kwa sauti nzuri."

"Nilinong'onezwa na mtu wa nyuma!"

"Wote hunong'onezwa."

"Lakini mzee, mimi ndiye niliyetoa kwanza. Nilitoa figo. Ng'ombe alikuja kushukuru figo."

Audax akatafuna, akaacha kutafuna. Haya ni makosa ambayo yangetokea kwa watu hawa peke yao. Fabiano na Paskazia walikulia kambini, Tanzania. Walirudi wakubwa, Kirundi chao kina mashimo na mambo ya ng'ombe waliyasikia kwa mbali. Shafii ni mtu wa mjini, baba na babu wauza nguo. Elimu yake ya ng'ombe inaanzia kwenye mshikaki na kuishia hapo hapo. Hakuna aliyejua kwamba hotuba ni mbili.

"Hiyo ilitaka maneno ya kwitura," alisema Audax polepole. "Ya kurudisha fadhila. Kwamba wewe ndiye uliyetangulia kutoa, ng'ombe huyu ni jibu, na hapo hakuna anayedaiwa. Mwenyekiti alinipigia simu akasema, 'Kuna ngombe ya kutoa.' Nikaleta ya kutoa. Angesema ya kurudisha, ningeleta ya kurudisha. Ni ndefu zaidi, ina mtungi wa pili wa pombe ya mtama."

"Basi rekebisha! Waambie ulikosea!"

"Mimi nikosee?" Mzee aliishika fimbo yake. "Mama, nina harusi nne mwezi huu. Msemaji akishatajwa kwamba anakosea, nani atamwita? Neno likishasemwa mbele ya watu limezaa tayari. Jumamosi nitakuwapo, wameshanilipa nusu."

Paskazia alimtazama alivyokula. Alitaka kumwaga ile ndizi chini. Badala yake aliuliza, "Hiyo sheria ya mzao wa kwanza ni ya ng'ombe tu?"

"Kila chenye uhai kinachotolewa kikazaa," alisema Audax, amefurahi kurudi kwenye ujuzi wake. "Hata kuku."

*

Kutoka Muyinga hadi Gitega nauli ilikuwa imepanda mara mbili kwa sababu ya mafuta, na gari la watu watano lilibeba wanane. Paskazia alifika Magarama Jumamosi saa nne asubuhi, miguu imejaa, kitenge kipya kimekunjwa kwenye kikapu. Damiano alibaki na ng'ombe. Ng'ombe huyo hajawahi kuachwa peke yake hata siku moja, tofauti na mke wa Damiano.

Nyumba ya Fabiano ilikuwa nyuma ya duka lake la rangi na misumari. Turubai limetundikwa, viti vya plastiki mistari mitano, kreti za bia upande huu na za Fanta upande ule kwa ajili ya Waislamu wa mtaa. "Kasherehe kadogo" kalikuwa na watu sitini. Fabiano alikaa mbele, shati la kumeta, shavu limejaa, chupa ya maji safi mkononi. Paskazia alipomwona amenona hivyo, moyo ulimruka kwa furaha. Walipokuwa watoto kambini alimbeba mgongoni alipougua malaria, ingawa yeye ndiye mdogo. Kaka yake alikuwa hai. Yeye Paskazia, angerudishwa kwenye meza ile ya upasuaji ya Uhindi leo, angelala tena.

Kisha akaona kupitia dirishani kifriji kidogo sebuleni, cha dawa za Fabiano peke yake, na karatasi ukutani yenye tarehe za vipimo vyake kwa wino mwekundu. Mafigo mawili yaliyozaliwa siku moja tumboni mwa mama mmoja: moja linaishi Gitega, lina friji, daktari na maji ya chupa, jingine linaishi Butihinda, linakata majani.

"Wifi, karibu!" Ursula alimkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umemshika Adventina. "Mbona umevimba? Maziwa hayo! Na ndama yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yake, wifi."

"Alaa! Hukumleta?"

"Ana miezi mitano. Wa kwako ana minane, ungempa mtu aende naye Muyinga?"

Ursula alicheka kidogo, akatafuta mtu mwingine wa kumkaribisha.

Shafii alifungua kikao. Alishukuru Mungu, alishukuru kamati, alishukuru wenye viti. Alisema kamati hii imeonyesha nchi nzima vile watu wa dini mbili wanaweza kubeba figo moja. Watu wakapiga makofi. Kisha Mzee Audax akasimama na fimbo na kanzu, akazungumza kwa Kirundi cha kupendeza habari za ng'ombe aliyekwenda mashariki na mzao wake anayerudi nyumbani. Mwisho akamgeukia Paskazia, ajibu.

Paskazia alisimama. Akashika mgongo wa kiti.

"Nawashukuru wote," alisema. "Mimi nimekulia kambini, mila sizijui sana. Naomba mzee anifundishe mbele ya watu. Anayepewa ng'ombe, mzao jike wa kwanza anakwenda wapi?"

"Anamrudia aliyetoa," akasema Audax.

"Na mbuzi?"

"Vile vile."

"Na kuku?"

"Na kuku." Watu wakaanza kucheka.

"Na figo?"

Kicheko kikapungua, kila mtu akimtazama mwenzake kama ni mzaha au vipi.

"Kaka yangu na wifi yangu walikaa miaka kumi na moja bila mtoto," Paskazia aliendelea. "Waliomba, walikwenda kwa madaktari, nasi tuliomba nao. Mwili wa kaka ulikuwa umechoka. Nikatoa figo langu, likaingia, likafanya kazi. Haukupita muda, Adventina. Mzao wa kwanza, na ni jike." Akainama kwenye kikapu, akatoa kitenge, akakikunjua. "Nimekuja kumchukua. Nimeleta na mbeleko."

Kreti moja ya bia iligongwa na mguu wa mtu. Ursula alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Amechanganyikiwa! Fabiano! Dada yako amechanganyikiwa!"

"Non, non, non!" Shafii alisimama, kofia imekaa upande. "Dada, we unasema nini? Mutu haiko ngombe! Mzee Audax, mwambie!"

Lakini Mzee Audax alikuwa mtu wa fani yake. Aliinua macho kwenye turubai, akahesabu kitu kwa vidole, akakohoa. "Kwa mila tupu," alisema, "kilitolewa chenye uhai. Kimezaa. Hoja ina miguu."

"Mzee!" Shafii alipiga paja. "Tumekulipa!"

"Nusu."

"Mutu haiko ngombe!" Shafii akarudia, safari hii kwa watu wote.

"Haya, Mwenyekiti, asante," alisema Paskazia, na sauti sasa ilikuwa imempanda. "Mtu si ng'ombe. Nimefurahi kusikia. Niliwaandikia nataka kupimwa damu. Mkasoma barua yangu kikaoni, nasikia mlilia. Mkanunua ng'ombe, mkakodi viti, mkapika wali wa watu mia, mkapiga picha nimemshika kamba. Siku ile hakuna aliyesema mtu si ng'ombe. Niliambiwa nisibebe mizigo. Nabeba matita manne kwa siku, nalisha asante yenu! Naomba mtu mmoja hapa aseme, tangu Uhindi, nani ameniuliza, 'Paskazia, figo lako lililobaki linaendeleaje?' Mmoja tu. Nitampa ng'ombe huyo na ndama wake."

Hakuna aliyetaka ng'ombe.

Adventina, aliyekuwa amechoka kubanwa, akaanza kulia. Fabiano alikuwa bado amekaa, chupa ya maji mapajani. Tangu arudi Uhindi watu wengine ndio waliokuwa wakisema kwa niaba yake, na alikuwa amezoea. Ukifufuliwa na watu mia mbili, unaona haya kuwa na maoni. Sasa alisimama.

"Paska," alisema. "Unataka nini?"

"Kupimwa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kila unapopimwa wewe, nipimwe na mimi. Mpaka mmoja wetu afe. Mtoto ni wenu, Mungu amkuze. Ndama ni wangu."

Fabiano akageuka akatazama karatasi ya ukutani kupitia dirishani, ingawa tarehe alizijua. "Jumatatu nina miadi hapa hapa Gitega," alisema. "Utalala hapa. Tutakwenda wote."

"Na yule ng'ombe nitamuuza," akaongeza Paskazia.

"Ng'ombe wa kupewa hauzwi!" Audax alishtuka kweli.

"Basi njoo Butihinda, mzee, ukate majani. Uje na kanzu."

Watu wakacheka, na walipocheka wakakumbuka bia. Shafii alitangaza kwamba kikao kimefungwa kwa amani na kwamba chakula, kwa kuwa kimeishapikwa, kisiharibike. Sherehe ya ndama ilikwenda vizuri sana bila ndama.

*

Jumatatu, kliniki. Ursula alikuwa amewaandalia chai bila kusema neno, lakini maandazi aliweka mawili mawili sahani zote mbili. Dirishani Fabiano alilipa vipimo vya watu wawili. Karani akauliza ni nani mgonjwa. Fabiano akasema, "Wote," na Paskazia akashukuru kwamba amepewa cheo hicho bila kubishana.

Majibu yalitoka saa tisa. Daktari, mwanamama mwenye miwani, alianza na Fabiano kwa sababu jalada lake lilikuwa nene. "Figo hili," alisema, "ni zuri ajabu. Sijui aliyekupa alikuwa anakula nini."

"Aliyenipa ni huyu."

Daktari alivua miwani, akachukua karatasi ya pili, ile nyembamba. Aliisoma mara mbili. Paskazia akamwona ananyamaza, akajua.

"Una protini kwenye mkojo, mama, na presha imekaa juu muda mrefu. Figo lako limeumia. Halijafa, na tukianza leo tunaweza kulishikilia miaka mingi. Lakini ni vidonge kila siku, na kipimo kila miezi mitatu. Si mwaka tena." Akafunua karatasi za nyuma, hazikuwapo. "Mwaka wa kwanza tungeliona. Ulikuwa wapi?"

Paskazia angeanzia wapi? Fabiano alilia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama watu wasiozoea, na Paskazia alimshika bega huku akimchukia kidogo na kumhurumia sana.

"Nitalipa," alisema Fabiano walipotoka barazani. "Vidonge, vipimo, nauli. Nauza pikipiki. Ikipungua tutaona."

"Ikipungua tutaona," alirudia Paskazia. Alimwamini, ila duka la misumari halikuwa benki, dawa za Fabiano zenyewe zilikuwa zimelila nusu, na miezi mitatu huja haraka. Alihesabu vidonge ndani ya bahasha: vya mwezi mmoja.

Simu ya Fabiano ikaita. Macho yake yalikuwa bado mekundu, akampa dada yake aipokee.

"Fabiano, kaka!" ilikuwa sauti ya Shafii, imejaa heri. "Habari imeishafika ku groupe, ya vile umemulipia dada yako. Watu wamelia! Kamati imekaa, tumeamua tukufanyie sherehe ya pongezi. Mtu mwenye roho sawa hii! Michango imeishaanza. Mzee Audax ataleta ile hotuba ingine, ile ndefu. Na ngombe tumeishapata."

"Mwenyekiti, ni Paskazia. Mmechanga kiasi gani?"

Shafii akataja. Ilikuwa pesa ya vipimo na vidonge vya mwaka na zaidi.

"Ileteni hapa hospitali," alisema Paskazia. "Figo langu limeumia. Nimeambiwa sasa hivi."

"Oh, pole sana dada! Pole, vraiment." Na alisikitika kwelikweli, Shafii hakuwa mtu mbaya. "Mais, dada, uelewe. Watu wamechanga juu ya sherehe. Mi nikiwaambia ni ya kupima mukojo, nani atatoa? Mukojo haina viti. Haina video. Watu wanatoa kwa harusi, kwa komunyo, kwa ubatizo, kwa msiba."

"Kwa msiba wanatoa?"

"Eeh, msiba! Msiba wanatoa sana."

"Basi waambie nimekufa," alisema Paskazia. "Wachange. Wakimaliza, uniletee hiyo pesa kabla sijafa."

Fabiano aliacha kujifuta uso. Paskazia alidhani simu imekatika, kisha akasikia karatasi zinafunuliwa na kalamu inagongwagongwa mezani.

"Bon," alisema Shafii. "Tuandike msiba ya siku gani?"